Sura ya Tano: Mgao wa Shamba na Mgao wa Sahani

Musanda ni wadi ya eneobunge la Mumias Magharibi katika Kaunti ya Kakamega, katika nchi ya Wawanga, na kwa muda wa nusu karne maisha ya wakazi wake yamefungamana na miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, kiwanda chake kikaanza kutoa sukari mwaka 1973, na tangu hapo sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikilimwa mtama, wimbi, maharagwe na viazi vitamu ikaingia katika zao ambalo, kwa hali ya hewa ya magharibi mwa Kenya, huhitaji miezi 18 hadi 24 kukomaa. Kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa sababu ya madeni, lakini miwa haikuondoka shambani, wala hayakuondoka mazoea ya kugawa ardhi na fedha yaliyokua pamoja nayo. Maelezo ya ulaji katika eneo kama hili yakianzia jikoni bila kupitia shambani, huishia kuwalaumu wapishi kwa mambo yasiyokuwa katika uwezo wao.

Mlo kamili, kama unavyoelezwa katika vitabu vya lishe, ni ule unaochanganya vyakula vya kutia nguvu, yaani nafaka, mizizi na mafuta; vyakula vya kujenga mwili, yaani jamii ya kunde, nyama, samaki, maziwa na mayai; na vyakula vya kulinda mwili, yaani mboga na matunda. Hakuna hata kundi moja kati ya hayo linalokosekana Musanda. Mvua ni ya kutosha, mapera na parachichi huzaa bila kubembelezwa, kuku wamo karibu katika kila boma, omena hufika kutoka Ziwa Viktoria, na kumbikumbi, ambao wana mafuta na protini kwa wingi, huibuka wenyewe msimu wao unapowadia. Kwa hiyo tatizo la lishe hapa si la aina za vyakula bali ni la mgao: ardhi kiasi gani inabaki kwa chakula, fedha za mavuno zinaingia mkononi mwa nani, na ugali unachukua nafasi gani kwenye sahani ukilinganishwa na kitoweo.

Uchunguzi unaotajwa sana kuhusu miwa na lishe nchini Kenya ulifanywa kusini mwa Nyanza, katika eneo la kiwanda cha Awendo, na Eileen Kennedy na Bruce Cogill wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1987. Watafiti hao waligundua kwamba wakulima wa miwa walipata kipato kikubwa kuliko majirani wao, lakini kipato hicho hakikupunguza kwa kiwango cha maana maradhi ya watoto wao wadogo. Waligundua pia kwamba fedha zilizokuwa chini ya wanawake ndizo zilizoelekea kuongeza chakula cha nyumbani. Awendo si Musanda, lakini utaratibu wa zao ni uleule. Malipo ya miwa huja kwa mkupuo, baada ya kungoja kwa muda mrefu na kukatwa gharama za mbegu, mbolea na usafiri, na kwa kawaida hulipwa kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Mboga na mafuta ya kupikia, kwa upande mwingine, hununuliwa kwa shilingi chache kila jioni, na mwenye kuzitafuta shilingi hizo ni mama. Mkupuo hujenga nyumba na kulipa karo, mambo ambayo hakuna mwenye haki ya kuyabeza, ila hauna njia ya kugeuka kuwa bakuli la maharagwe la Jumanne ya mwezi wa 14 tangu miwa ipandwe.

Nafasi yenyewe ni finyu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, sawa na watu 618 kwa kilomita moja ya mraba, na mashamba hugawanywa upya kila kizazi kinaporithi. Katika hali hiyo kipande kidogo cha nyuma ya jikoni, ambacho wataalamu wa kilimo hukiita bustani ya jikoni, kina uzito zaidi ya ukubwa wake, kwa sababu mboga za kienyeji nyingi huanza kuchumwa wiki tatu hadi sita baada ya kupandwa na huendelea kuchipua kadiri zinavyochumwa. Sayansi ya mboga hizo nchini Kenya inadaiwa mengi na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, mwanasayansi wa kilimo cha bustani aliyezichunguza kwa miaka mingi, tangu wakati ambapo wengi wa wenzake waliziona kuwa magugu au chakula cha maskini, na ambaye mwaka 2010 alipewa tuzo ya kisayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliingiza kazi ya Kenya ya kuendeleza vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Heshima hizo ni njema, ingawa mwanamke wa Musanda anayepanda mrenda kandokando ya banda la kuku hakuzingojea.

Hoja ya mboga za kienyeji haihitaji mapenzi ya jadi ili ikubalike. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha, ambao Wakenya wengi huuita terere, huwa na miligramu 215 hivi za kalsiamu na zaidi ya miligramu 2 za madini ya chuma, ilhali kabeji ya uzito huohuo huwa na miligramu 40 za kalsiamu na takribani nusu miligramu ya chuma. Kabeji ina sifa zake, hasa ya kutonyauka haraka kwenye kibanda cha sokoni, lakini nyumba iliyoacha mboga kama saga, managu, kunde na mito ikahamia kabeji kwa kuwa ndicho chakula cha mjini imebadilisha kitu cha thamani kwa kitu cha bei.

Mapishi ndiyo yanayoamua ni kiasi gani cha utajiri huo kitafika mwilini. Mrenda, ambao wenyeji huuita omurere, hupikwa kwa musherekha, maji ya magadi ya asili yanayopatikana kwa kuchoma maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi, kuliweka jivu lake kwenye chombo chenye matundu madogo chini, kisha kulimiminia maji taratibu hadi yachuruzike yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Maji hayo hulainisha majani, hupunguza uchungu na kuifanya mboga ibaki kijani, lakini kwa kuwa ni kinyume cha ndimu kikemia, yaani yana alkali, huharakisha kuharibika kwa vitamini C na vitamini B1. Kiasi kidogo kinatosha; mpishi mzoefu hukipima kwa jicho na kwa ulimi, na mrenda uliotiwa musherekha kupita kiasi hujulikana kwa ukakasi wake. Managu na saga huwa na desturi nyingine: huchemshwa, maji yakamwagwa ili uchungu upungue, zikatiwa maziwa, kisha zikachemshwa tena siku ya pili na ya tatu, kila mara zikizidi utamu. Ladha ya chungu hicho haina mpinzani, na kalsiamu ya maziwa imo, lakini vitamini C na foleti, ambayo ni vitamini inayohitajiwa hasa na wajawazito, huwa zimekwenda na maji yaliyomwagwa na moto wa siku tatu. Dawa yake si kuiacha desturi, bali ni kula tunda pamoja na mlo huo, na tunda lenyewe ni rahisi: pera lina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga, wakati chai kali inayonywewa papo hapo baada ya kula hukizuia, na ni heri kikombe kisubiri saa moja.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni mafuta. Rangi ya kijani ya mboga hizi huficha rangi ya manjano ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Njugu karanga zilizosagwa au ufuta, ambao Wakenya huuita simsim, hufanya kazi hiyo pamoja na kuongeza protini, hivyo mboga iliyoungwa kwa njugu ni mlo wa kujenga na wa kulinda kwa wakati mmoja. Vilevile omena huliwa mzima, mifupa na yote, ndiyo maana samaki huyo wa bei nafuu huleta kalsiamu ambayo minofu ya samaki mkubwa haina. Kinachohitajika ni kumwosha kwa maji ya moto zaidi ya mara moja, kwa kuwa wengi huanikwa mchangani.

Ugali wenyewe hauna hatia, lakini unga wake umebadilika. Ugali wa zamani wa eneo hili ulichanganya mtama, wimbi na muhogo, na rangi yake ilikuwa ya udongo. Ugali mweupe wa mahindi yaliyokobolewa ndio uliokuja kuhesabiwa kuwa wa heshima, na kukoboa huondoa ganda na kiini cha punje, mahali penye nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Tangu mwaka 2012 Kenya inavitaka viwanda vya unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti kuongeza virutubishi, miongoni mwavyo vitamini A, chuma na zinki. Agizo hilo halikufika kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, ambako familia hupeleka debe lake la mahindi na kurudi na unga wa mahindi hayo hayo. Kwa familia hiyo njia ya kuurutubisha unga ni kusaga bila kukoboa na kurudisha mtama na wimbi ndani ya debe. Muhogo pia unafaa, ila ule mchungu una kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu, na lazima umenywe, ulowekwe au uchachushwe, kisha ukaushwe kabla ya kusagwa.

Hatari kubwa ya mahindi huanza kabla ya kinu. Mahindi ya mvua za masika huvunwa Julai na Agosti, na katika nchi ya Mumias mvua haikatiki kabisa miezi hiyo, hivyo mavuno huingia nyumbani yakiwa na unyevu. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus humea kwenye punje zenye unyevu na kutengeneza aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoota kuvu, na Kenya iliifahamu kwa uchungu mwaka 2004, pale watu 317 walipougua na 125 kufa, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Magharibi mwa Kenya haikukumbwa na maafa ya namna hiyo, na huenda ndiyo sababu hatari yake hupuuzwa; ulaji wa kiasi kidogo kwa miaka mingi hauui kwa siku moja, bali huongeza uwezekano wa saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kupika hakusaidii, maana joto la sufuria ya ugali halitoshi kuivunja sumu hiyo. Kiwango kinachokubalika Kenya ni maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, kiasi ambacho hakuna jicho wala pua inayoweza kukitambua.

Kinachoweza kutambuliwa ni unyevu. Mahindi ya kuhifadhiwa hayapaswi kuwa na maji zaidi ya asilimia 13.5, na mkulima asiye na kipimo cha umeme anaweza kutumia chupa kavu ya kioo: hutia ndani mahindi hadi theluthi moja ya chupa, huongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, hufunga, hutikisa kwa dakika kadhaa, kisha huiacha chupa itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi na yanapaswa kurudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikidondoka yote, yanakaribia kuwa tayari. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia kuwaua wadudu, akiwemo dumuzi, ambaye wakulima wa Kenya walimbandika jina la Osama kwa jinsi anavyogeuza gunia kuwa vumbi, lakini mfuko huo ukitiwa mahindi mabichi huhifadhi pia kuvu. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kutobolewa hupaswa kuchambuliwa na kutupwa. Hapa pana tabia ya kusikitisha, kwani mara nyingi zilizochambuliwa hazitupwi: hupelekwa kwa kuku na ng’ombe, na sumu ikarudi katika maziwa, au hupelekwa kwa mpika pombe ya busaa, kwa dhana kwamba moto na kuchacha husafisha kila kitu.

Kuhusu usafi wa chakula, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano ambazo bado ni muhtasari mzuri: kudumisha usafi, kutenga vibichi na vilivyoiva, kupika hadi viive kabisa, kuweka chakula katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, hivyo kiporo cha maharagwe kilicholala mezani katika usiku wa joto kinahitaji kuchemka kwelikweli, si kupashwa vuguvugu. Kanuni ya tano, hasa upande wa maji, ndiyo ngumu kijijini. Mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walipochunguza chemchemi zilizojengewa saruji katika iliyokuwa Wilaya ya Busia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliona uchafu wa kinyesi ukipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi, lakini kwa asilimia 24 tu katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa takribani robo. Tofauti ya tarakimu hizo mbili za kwanza iko kwenye mtungi, kata na mikono.

Sukari na chumvi hazihitaji maelezo marefu. Shirika hilohilo linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, kama vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo; chumvi isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari ni vijiko tisa, kabla ya soda na mandazi. Sukari nguru, inayotengenezwa kwa wingi katika ukanda wa miwa, husifiwa kuwa ya asili na isiyo na madhara. Ina madini kidogo zaidi, lakini mwilini ni sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawakula matunda na mboga za kutosha kwa siku, na kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Mkulima anayekata miwa hana haja ya kufundishwa mazoezi, lakini mwanawe anayeshinda juu ya bodaboda, akila chapati na chai kwenye steji, anakula mlo wa mkataji miwa bila kazi yake.

Mgao unaoumiza zaidi unapokosewa ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 24. Kuanzia mwaka 2012 utafiti mkubwa uliandikisha wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Baadhi ya vijiji vilipewa klorini ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, vingine vikapewa ushauri wa lishe pamoja na pakiti ndogo za rojo la njugu lenye vitamini na madini kwa watoto, na vingine vyote pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliwashangaza wengi: hakuna hatua iliyopunguza kuhara, na watoto waliorefuka zaidi, japo kwa kiasi kidogo, walikuwa ni wale waliopewa lishe, wala kuongezewa vyoo na klorini hakukuwaongezea kimo. Kusoma matokeo hayo kuwa usafi hauna faida ni kukosea, kwa kuwa matumizi ya klorini na sabuni yalipungua muda ulivyosonga, na mtoto anayetambaa katika uwanja mmoja na kuku hukutana na vijidudu vingi ambavyo kata safi haiwezi kuvizuia. Yanachothibitisha ni kwamba chakula cha mtoto hakiwezi kungoja hadi mazingira yatengenezwe.

Uji wa mtoto, ambao mara nyingi huwa ndio mlo wake mkuu, una kasoro ya kimaumbile: ukitiwa unga wa kutosha huwa mzito asiweze kuumeza, na ukiongezwa maji humjaza tumbo bila kumlisha. Ufumbuzi wake upo tayari katika nyumba zinazojua kupika busaa, nao ni kimea, yaani wimbi lililolowekwa, likaoteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kimeng’enya kinachozaliwa punje inapochipua huvunja wanga, hivyo kijiko kimoja cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo huufanya uwe mwepesi baada ya dakika chache, ndipo urudishwe motoni uchemke tena, kwa sababu maji na unyevu wa kuoteshea hulea vijidudu. Kikombe hicho hubeba unga mwingi kuliko kikombe cha uji wa kawaida, na hukubali pia kijiko cha omena aliyesagwa laini au cha njugu zilizochambuliwa moja moja kabla ya kukaangwa.